Ile "sumu" ya kisima cha Kano ilikuwa chumvi, na mnyororo ulikaa miezi minne

Mhariri,

Naandika nikiwa Kisumu, nimetoka kazini sasa hivi na mikono bado inanuka asidi. Barua hii nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana maana kila nikianza hasira inanipanda naacha, lakini leo nimesema lazima niimalize hata kama ni saa sita usiku. Kuna kisima kirefu kule uwanda wa Kano, si mbali na Ahero. Sitataja kijiji, wala labu iliyopima, wala ofisi iliyofunga, sitaki mtu afukuzwe kazi juu yangu, wenyewe wakisoma watajijua. Kisima hicho kilifungwa na mnyororo na kufuli miezi minne kwa sababu ya namba moja, 14, iliyoandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Walisema ni aseniki, ile sumu inayoweza kuwa kwenye maji ya chini ya ardhi. Mimi nimepima hayo maji kwa mkono wangu, ilikuwa chumvi.

Shangazi yangu, kwetu tunamwita Waya, ana kibanda cha chai na mandazi hapo hapo kando ya pampu. Maji yale yana chumvichumvi, hilo kila mtu pale analijua, chai ukiipika inakuwa na kaladha fulani ambako wageni hulalamikia na wenyeji hawasikii tena. Kamati ya maji ikaona ni vizuri yapimwe, na walifanya jambo la busara kabisa, wakajaza chupa ya soda wakampa kijana wa boda akaileta mjini. Baada ya wiki mbili karatasi ikarudi: aseniki 14, kiwango 10, halafu kwa wino mwekundu HAYAFAI. Hizo ni mikrogramu kwa lita, na ni kweli Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 10. Lakini karatasi yenyewe haikusema kingine chochote, haikutaja mashine gani, haikutaja asidi gani, wala blanki, yaani maji safi yasiyo na kitu tunayopima ili kulinganisha, ilisoma ngapi.

Mnajua yaliyofuata maana ndio kazi yenu. Picha ya karatasi ikaingia WhatsApp, asubuhi redio ikaipata, na wiki hiyo hiyo gazeti moja, silitaji, likaandika kisima cha sumu kwa herufi kubwa kuliko za mechi ya mpira ya Gor na Ingwe. Mtu akaja na pikipiki ya serikali akafunga pampu. Waya akaanza kuulizwa na wateja wa miaka na miaka kama chai yake ni ya "yale maji", wengine hawakuuliza, walipita tu upande wa pili wa barabara. Watu wakarudi kuchota mtoni, ama kununua kwa kijana wa punda mtungi shilingi 20, na mto wenyewe ng'ombe wanaingia, pikipiki zinaoshwa, kila kitu. Watoto wa jirani yake waliendesha tumbo wiki nzima. Hiyo ya kuendesha haikuandikwa na mtu.

Nikienda nyumbani Waya akaniuliza, "nyathina (mwanangu), wewe si ndio unafanya na hizo mashine, mashine inaweza kudanganya?" Nikamwambia haidanganyi Waya, inahesabu tu. Kazi ni kwa anayesoma hesabu. Sasa naomba nafasi niwaelezee na nyinyi vile nilimwelezea yeye, mniwie radhi nikirefusha.

Mashine yenyewe inaitwa masi spektromita, na hii ya kupimia metali inatumia moto wa gesi ya agoni. Maji yanapuliziwa kama marashi, ukungu ule unaingia kwenye huo moto ambao unafika nyuzi elfu 6 na zaidi, hakuna kitu kinachobaki mzima humo ndani, kila kitu kinavunjika kuwa atomu moja moja na atomu zinapoteza elektroni zinakuwa ioni. Ioni zikivutwa ndani zinapita katikati ya nondo nne, hiyo ndiyo kwadrupoli, ambazo umeme wake unapangwa ili kwa muda fulani uzito mmoja tu ndio upite. Ukiiambia 75 inapitisha 75 na mwisho kuna kitu kinahesabu, moja mbili tatu hadi mamilioni. Aseniki ni 75. Kwa hiyo ukihesabu 75 unasema umehesabu aseniki.

Shida iko hapo kwenye "unasema". Agoni ni 40, na moto wote ni agoni. Chumvi ina klorini, na klorini nyingi ni 35. Wakati ioni zinatoka kwenye moto kuelekea ndani zinapoa kidogo na baadhi zinashikana, agoni moja na klorini moja. Jumlisha 40 na 35 hata bila kalkuleta. Mashine haina macho ya kujua hiki ni kitu kimoja na kile ni viwili vimeshikana mikono, inaona 75 inahesabu. Maji yakiwa na chumvi nyingi, au wewe mwenyewe ukiwa umeweka asidi yenye klorini, hesabu inapanda na hakuna hata chembe ya aseniki ndani.

Na aseniki ina bahati mbaya moja, haina ndugu. Risasi (ile metali, si ya bunduki) ina 206, 207 na 208, kadimiamu ina isotopu kadhaa, yaani aina za atomu ileile zenye uzito tofauti, kwa hiyo mlango mmoja ukizibwa unapitia mwingine. Aseniki ya asili ni 75 peke yake, basi. Ukikosea hapo huna pa kukimbilia kuhakikisha.

Mtu atasema si mpime uzito vizuri zaidi, kwani lazima uzito wao ulingane kabisa? Haulingani. Aseniki kamili ni 74.9216 na huyo mwenzake wa agoni na klorini ni 74.9312. Kwetu mapacha wa kike wakizaliwa wa kwanza ni Apiyo wa pili ni Adongo, na kuna nyumba hata mama mzazi akiitwa gizani anakosea nani ni nani. Sasa chukua Apiyo ana kilo 78 kamili, Adongo amemzidi gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari. Wapandishe kwenye mizani ya kliniki inayosoma kilo nzima nzima. Ndio kwadrupoli hiyo. Kuwatenganisha kwa uzito unahitaji mashine yenye rezolusheni, yaani uwezo wa kutofautisha uzito unaokaribiana, ya kama 7,800, na zipo, zina sumaku kubwa na mianya myembamba, zinafika 10,000, lakini ukibana mwanya ndio uone tofauti ndogo hivyo ioni nyingi zinagonga ukuta na hesabu inashuka vibaya, halafu bei yake usiniulize. Chuma angalau ni rahisi, chuma ni 56 na agoni ikishika oksijeni ni 56 pia, lakini hao wamepishana zaidi, rezolusheni ya 2,500 hivi inatosha. Aseniki ndiyo ngumu.

Hapa nikiri yangu. Nikiwa atachi, mwanafunzi wa mafunzo kazini, miaka imepita, nilipewa sampuli za maji ya visima nipime metali zote kwa mara moja na zebaki ikiwemo. Zebaki ina tabia ya kutoroka, inashika plastiki, kwa hiyo unaweka asidi ya haidrokloriki, ambayo ina klorini, kidogo itulie. Nikaweka. Nikapima. Kila sampuli ina aseniki! Nikaona nimegundua kitu kikubwa, nikaanza hata kufikiria vile nitaeleza nyumbani. Mzee aliyekuwa akinisimamia hakusema kitu, akachukua maji safi yale tunayochuja sisi wenyewe, akaweka asidi ileile kiasi kilekile, akaniambia pima. Ikasoma aseniki karibu sawa na visima. Akaniangalia akauliza, "na haya maji yametoka kijiji gani?" Sijawahi kusahau. Kwa hivyo sicheki mtu aliyekosea, nimekosea pia, tofauti ni kwamba yangu haikutoka nje ya mlango wa labu.

Sasa dawa yake ipo na si siri, kila fundi aliyefunzwa anaijua. Ya zamani ni ya hesabu. Klorini ina aina mbili, 35 ni kama robo tatu na 37 ni robo. Kwa hiyo kama chumvi inakutengenezea 75, lazima pia inatengeneza 77, maana 40 na 37 ni 77, na ya 77 itakuwa kama theluthi ya ile ya 75. Unaangalia 77, unazidisha na 3 na pointi kidogo, unatoa kwenye 75. Safi, ila 77 nayo ina mwenyewe, seleniamu, kwa hiyo unaenda 82 kuuliza seleniamu iko ngapi, na 82 nayo inasumbuliwa na kriptoni inayokujaga kama uchafu ndani ya gesi ya agoni. Ni kama kudai deni kwa mtu anayekuambia subiri na yeye kuna anayemdai. Kwa maji ya chumvi nyingi hesabu hii inaweza hata kukupa aseniki hasi, na nimeona watu wakiandika sifuri hapo na kuendelea na maisha.

Ya siku hizi ni heliamu. Kabla ioni zifike kwenye nondo za kuchuja zinapitishwa kwenye kichumba kidogo kilichojazwa heliamu kiasi. Fikiria soko la Kibuye siku ya Jumapili vile watu wamejaa. Wanapita wanawake wawili wametoka na mbio sawa, mmoja amebeba mtoto mgongoni amemfunga vizuri, mwingine amebeba karai pana la omena kiunoni. Wa karai atagongana na kila mtu. Agoni iliyoshika klorini ni pana kuliko atomu moja ya aseniki, inagongwa na heliamu mara nyingi zaidi, kila ikigongwa inapoteza nguvu, na mwisho wa kichumba kuna kizingiti cha umeme, aliyechoka hapandi. Aseniki nayo inachoka kidogo, hesabu inapungua, lakini inapanda. Uzuri wake huhitaji kujua mapema ndani ya maji kuna nini, karibu kila kilichoshikana kinabaki nje.

Na kuna ya tatu, mashine zenye ngazi mbili za kuchuja. Ngazi ya kwanza inapitisha 75 tu, katikati unaweka oksijeni, aseniki inapenda sana oksijeni inaishika inakuwa 91, wale wa chumvi hawaishiki hivyo wanabaki 75, na ngazi ya pili unaiambia 91. Zirkoniamu nayo ni 90 na 91 ingeharibu mambo, lakini ilishazuiwa mlango wa kwanza haikuwa 75. Hii napenda sana, badala ya kumfukuza mwizi unamwita mwenye mali ahame nyumba.

Heliamu inatoka Nairobi kwa silinda na si rahisi. Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, labu ile silinda ilikuwa imeisha au waliona wabane matumizi, wakapima bila. Hizi ni shida za kila siku, stima ikipotea moto wenyewe unazimika unaanza upya na foleni ya sampuli ni mpaka mlangoni. Nawaelewa. Ila basi kama umepima aseniki ya maji ya chumvi bila heliamu na bila hesabu ya 77, andika hivyo kwenye karatasi, kwani wino ni bei gani.

Nikamwambia Waya aniletee maji. Wakavunja sheria kidogo, kijana mmoja wa kamati akalegeza mnyororo usiku wakajaza chupa tatu nilizowapa mimi, nimeziosha na asidi mwenyewe. Jumamosi labu ikiwa tupu, bosi wangu anajua, nikakaa nazo. Chupa ya kwanza nikaweka asidi ya nitriki tu, bila heliamu, ikasoma 5. Maji yaleyale, kisima kilekile, nikaweka na haidrokloriki kama ile ya kutuliza zebaki, ikasoma 13. Yaani aseniki imepanda kwa sababu mimi nimebadilisha asidi! Hapo tu ningeacha nirudi nyumbani. Nikapima maji safi yenye haidrokloriki peke yake, hayana uhusiano wowote na Kano, yakasoma 8. Sasa toa, 13 toa 8 ni 5, bado iko chini ya 10. Maana yake hata bila heliamu, kama wangetumia blanki yenye asidi sawa na ya sampuli, mnyororo usingekuja. Nikaangalia 77, ilikuwa imesimama kama theluthi ya 75 vile inavyotakiwa kama ni chumvi, na 82 imelala chini kabisa, seleniamu hakuna.

Halafu nikafungua heliamu. Unangoja dakika chache gesi itulie, nilikuwa na chai kwenye korido maana ndani hairuhusiwi, nikarudi nikabonyeza. Blanki karibu sifuri. Kisima, 0.6, na asidi yoyote ile, nitriki ama haidrokloriki, 0.6. Hapo watu wengi wangefunga wakaimba, mimi nikaogopa kitu kingine, je kama heliamu imemeza na aseniki ya kweli? Kwa hiyo nikachukua maji ya kisima nikamwagia aseniki ninayoijua mimi mwenyewe, mikrogramu 10 kwa lita, nikapima tena na heliamu vilevile. 10.3. Toa ile 0.6 iliyokuwepo, imerudi 9.7 kati ya 10 niliyoweka. Yaani aseniki ingekuwepo ningeiona.

Sijataka mtu asome hapa aseme basi sumu zote ni uongo wa mashine. Nimeona huo ujinga pia, watu wa "si walisema kisima cha Kano kina sumu na haikuwa". Aseniki ipo na inaua polepole, Bangladesh walichimba visima miaka ya 1970 kuokoa watoto na maji machafu ya juu wakaja kugundua baadaye ya chini yana aseniki, na mamilioni walikuwa wameshakunywa. Hapa kwetu tu kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori watafiti wamewahi kukuta aseniki, risasi na zebaki kwenye udongo na mabaki ya migodi. Watu wa Nakuru nao wana fluoridi yao ambayo hata haihitaji mashine kubwa, inajiandika yenyewe kwenye meno. Na makosa yanaenda pande zote mbili, nimesema hapo juu kuhusu namba hasi, mtu akitoa sana anaficha sumu ya kweli, na hiyo nadhani ni mbaya zaidi kuliko ya mnyororo.

Tena heliamu si dawa ya kila kitu. Mashine kwa kweli haipimi uzito, inapima uzito ukigawanywa kwa chaji. Ioni nyingi zina chaji moja kwa hiyo huoni tofauti, lakini kuna metali zingine zinapoteza elektroni mbili kirahisi, neodimiamu na samariamu kwa mfano, zote zina aina ya 150, na 150 gawa kwa 2 mnaijua wenyewe. Hizo ni atomu moja moja, hazina upana wa kugongwa zaidi, zinapita heliamu zikicheka. Milima ya Homa na Ruri kule Homa Bay ni miamba ya kabonatiti, na miamba ya aina hiyo ndiyo mara nyingi hubeba hizo metali. Kwa hiyo mtu akinipa udongo wa huko nampimia kwa njia ya oksijeni au naangalia pia 72.5 na 73.5 kuona kama kuna hizo nusu nusu, maana 145 na 147 zikigawanywa ndio zinaangukia hapo, na hakuna kitu chenye chaji moja kinachoweza kukaa kwenye nusu.

Hata wazungu wakubwa walisumbuka na hili jambo mwanzo kabisa. Mwanafizikia J.J. Thomson kule Cambridge mwaka wa 1912 alipima gesi ya neoni akaona mstari wa 20 alioutegemea na mwingine dhaifu wa 22. Hakukimbia kutangaza. Alishuku ni kaboni dioksaidi, ambayo ni 44, ikiwa na chaji mbili inakuwa 22. Akapitisha gesi kwenye bomba lililozamishwa ndani ya hewa iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, baridi kali, kaboni dioksaidi ikaganda, mstari wa 44 ukafifia na wa 22 ukabaki palepale. Ndio akajua huyu ni mwingine. Msaidizi wake Aston akatengeneza mashine bora zaidi mwaka wa 1919 akathibitisha neoni ni za aina mbili, na 1922 akapewa Nobel. Zaidi ya miaka 100 imepita, na swali la kwanza aliloliuliza huyo mzee, hii namba inaweza kuwa ni nani mwingine, ndilo halikuulizwa kwa maji ya Waya.

Karatasi yangu sikuipeleka mimi maana labu yetu haikuwa imetumwa rasmi, kamati ikalipa wakapeleka chupa nyingine kwa njia inayotakiwa, labu nyingine yenye heliamu, wakapata chini ya 1. Yule mtu wa pikipiki akarudi akafungua kufuli. Hakusema pole, alisema "sasa mnaweza kutumia" kama ambaye amewafanyia hisani. Redio haikurudi. Lile gazeti nalo halikuandika hata mstari mmoja wa pembeni pale karibu na matangazo ya vifo.

Ndio maana nawaandikia nyinyi, mhariri, maana nyinyi Kiswahili chenu kinasomwa mpaka kibandani. Mwandishi wenu akiletewa karatasi yenye namba ya sumu, kabla ya kuandika apige simu labuni aulize, mlipima na gesi ya heliamu ama bila, maji yenyewe yana chumvi kiasi gani, blanki yenu ilikuwa na asidi ileile na ilisoma ngapi, na mkiongeza sumu mnayoijua inarudi ngapi. Hata kama hajui maana ya majibu aandike tu alivyojibiwa, fundi atakayesoma ataelewa na atawapigia. Labu ikikataa kujibu, hiyo ni habari yenyewe andikeni hiyo. Na wanaotoa vyeti, ongezeni mistari miwili chini ya namba, ya asidi na ya gesi, karatasi ina nafasi.

Waya amefungua kibanda tena, ile chai yenye kaladha watu wanakunywa. Kuna mama mmoja tu ambaye mpaka leo anakuja na maji yake kwenye chupa anaomba apikiwe na hayo, na Waya anampikia bila neno. Lakini mimi kila nikienda ananikalisha chini ananitolea daftari alilokuwa akiandika mitungi ya kijana wa punda, mitungi sita kila siku kwa shilingi 20, siku kwa siku miezi minne, ameijumlisha mwenyewe na haina kosa, ananiuliza hii nipeleke ofisi gani. Kama kuna msomaji anajua naomba aandike hapa.

Fundi wa labu,
Kisumu